Nimeletewa barua ya wakili kwa posti ya mtu mwengine, lakini websaiti ni yangu. Nafanyaje?

Kisauni_Mtaani

Assalam alaykum na habari zenu wote. Nna jambo lanikosesha usingizi, naomba wenye kujua sheria au waliopitia haya wanisaidie.

Mimi naendesha websaiti ndogo ya mtaa, Kisauni na Bamburi, pamoja na ukurasa wa Facebook na chaneli ya Telegram. Twaweka matangazo ya kazi, watoto waliopotea, maji yakikatika, matanga, mechi za mitaani, vitu vya kawaida tu. Kuna sehemu inaitwa Jihadhari, mtu yeyote anajaza fomu anaeleza alivyotapeliwa na inatokea pale. Sasa kuna mtu akaandika kuhusu dalali wa ploti, kamtaja majina yote mawili, kaweka picha yake na namba ya simu, kasema ploti moja upande wa Utange imeuzwa kwa watu wawili na deposti hairudi. Mimi nilichofanya ni kurekebisha tahajia kidogo, nikaweka kichwa TAPELI WA PLOTI HUYU HAPA, nikaitupia Facebook, ikashewa mno manake mambo ya ploti za huku mwayajua wenyewe.

Juzi boda kanifikia hapa saiba, duka langu la intaneti, na bahasha ya kaki. Barua ya wakili. Yasema habari ni za uongo na zimeandikwa kwa nia mbaya, niziondoe ndani ya siku saba, niombe radhi pale pale kwa maandishi makubwa kama yale ya mwanzo, nikubali kulipa fidia (hawakusema ngapi), na niwape jina na namba ya aliyeandika, la sivyo twaonana kortini na gharama ni juu yangu.

Sasa maswali. Mimi si mwandishi, nawajibika vipi? Seva iko Ujerumani na domeini ni ya .com, wana uwezo kweli? Nikiifuta si ndio nimekubali kosa? Huyo mtu aliniamini akanipa habari, nimtoe? Na jengine, kwenye akaunti yangu ya seva nimewapa nafasi watu wengine watatu wanilipa kidogo kwa mwaka, kuna madrasa, kuna di-jei, kuna duka la vipuri. Wakiweka mambo yao pale, pia mimi nimo?

---

bin_makadara

futa kaka ulale. dalali wa ploti hashtaki mtu akaulizwa maswali na jaji lakini wewe huna pesa ya kujaribu

---

karani_wa_mjini

Waalaykum salaam. Mimi si wakili, ni karani kwenye ofisi ya mawakili hapa mjini, barua za namna hiyo nazichapa mimi kwa hivyo nitakwambia zinavyokwenda, lakini ukifika wakati wa kuijibu tafuta wakili mwenye leseni, usimjibu mtu kwa voisi nouti ya WhatsApp ukiwa na hasira.

Kwanza shusha pumzi upande wa polisi. Zamani kumchafulia mtu jina kulikuwa jinai, kifungu cha 194 cha Penal Code, ungeweza kulala ndani. Jaji Mativo alikitupa kifungu hicho Februari 2017 kwenye kesi ya Jacqueline Okuta, akasema jela si dawa ya jina kuchafuliwa, mtu aende akadai fidia. Kwa hivyo hii uliyoletewa ni madai, ni pesa.

Sasa pesa zenyewe si mchezo. Sheria ya kashfa, Cap 36, ina kipengee cha 16A ambacho watu wengi hawakijui. Kinasema ukimsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, korti ikishaona umekosa haiwezi kumpa chini ya shilingi 400,000, na likiwa kosa la kunyongwa ni kuanzia milioni 1. Kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313, ni miaka mitatu. Wewe umeandika TAPELI kwa herufi kubwa. Hebu jihesabie mwenyewe huyo wakili anaelekea wapi.

Kuhusu "mimi si mwandishi", hapo usijidanganye. Kwenye kashfa anayeyasema na anayeyapeleka mbele wote wamechapisha, gazeti haliponi kwa kusema maneno ni ya msomaji wetu. Na wewe hata ungekuwa umeweka fomu tu ukakaa kando tungekuwa na la kuzungumza, lakini umeyasoma, umeyanyoosha, umeyapa kichwa na umeyasukuma Facebook. Kile kichwa ni chako wewe, huyo mtu hakukiandika.

Lakini usikate tamaa. Sheria haikukatazi kusema fulani kauza ploti moja mara mbili. Ukweli ni kinga kamili, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wako wewe uliyechapisha, si wa dalali kuthibitisha kwamba yeye ni msafi. Kwa hivyo swali langu kwako ni moja: una nini mkononi? Mkataba wa mauzo uko? Ujumbe wa M-Pesa wenye jina lake na tarehe? Namba ya OB, lile daftari la polisi, kama aliripoti? Huyo mnunuzi wa pili yuko tayari kusimama kizimbani au ni wa kusikia tu? Kama una karatasi hizo, barua itajibiwa kwa sauti nyengine kabisa. Kama huna, basi bin_makadara hapo juu kasema kweli japo kwa utani.

Kufuta si kukiri. Unaiondoa, na kwenye jibu wakili wako anaandika imeondolewa bila kukubali dai lolote. Hilo ni jambo la kila siku, na hata mukifika kortini kuondoa mapema na kuomba radhi kunapunguza fidia. Lakini kabla hujagusa chochote piga skrinshoti za ukurasa mzima, na tarehe ionekane, na uweke ile fomu kama ilivyoingia kabla hujairekebisha. Watu hufuta kwa hofu kisha wakifika ofisini kwetu hawana hata ushahidi wao wenyewe.

Na kitu cha mwisho, muda. Kesi ya kashfa ni lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12, si miaka mitatu kama madai mengine. Lakini ukiirusha upya leo kwa sababu umekasirika, umempa posti mpya na saa mpya.

---

waya_na_seva

Karani kasema vizuri upande wa kashfa, mimi niingie upande wa kuhosti manake ndio kazi yangu.

Kuna tofauti kubwa ya mwenye kuweka na mwenye kuhifadhi. Ukuta wako ukiandikwa matusi usiku na mtu usiyemjua, hakuna atakayekushika asubuhi ile. Lakini ukishagongewa mlango ukaambiwa, na ukayasoma, kisha ukayaacha wiki nzima, hapo watu watasema umeyapenda. Sheria ya kompyuta ya 2018 kifungu cha 56 inakwenda njia hiyo hiyo, mtoa huduma hawajibiki kwa kitu cha mtu mwengine mpaka ionyeshwe kwamba alipewa taarifa, au alijua, au alikuwa na nia mbaya. Kwa hivyo kwa wale wateja wako watatu wewe ni mtoa huduma, uko salama kiasi mpaka siku unayoletewa taarifa. Kwa ile Jihadhari wewe si mtoa huduma tena, wewe ni mhariri. Usichanganye kofia mbili hizi kwenye barua utakayojibu, utaharibu yote.

Aliye hatari kwako si madrasa wala vipuri, ni DI-JEI. Nambie, ana mikstepu za kudaunlodi pale? Najua anazo. Sheria ya hakimiliki ilirekebishwa 2019 ikaongezwa 35A, 35B na zengine. Mwenye wimbo akikuletea notisi ya kuondoa, iwe kwa maandishi, itaje kazi yake na linki yenyewe, wewe una masaa 48 ya kazi uiondoe au umfungie. Usipofanya bila sababu ya maana, hasara yake ni yako yote. Na ndio, imewekwa pia kwamba mtu akileta notisi ya uongo kukomoa mwenzake ni kosa, faini mpaka 500,000 au kifungo mpaka miaka mitano au vyote, kwa hivyo usifute kila unachoambiwa na kila mtu, soma kwanza kama notisi imetimia.

Hio ya seva Ujerumani naisikia kila siku na huniudhi. Korti haiiti seva, yakuita wewe, na wewe uko Kisauni wanajua na saiba yako iko wapi manake boda kafika. Tena seva ya nje ni hatari kuliko ya hapa kwa jambo moja. Kampuni za kule zikiletewa malalamiko hazina muda wa kukusikiliza. Ulaya wana sheria yao ya huduma za dijitali, tangu Februari 2024 inawahusu wote wanaohosti, Marekani wana DMCA ya 1998 kwa mambo ya hakimiliki. Nilikuwa na mteja mmoja, sitamtaja, aliweka taarab za zamani na mikstepu kwenye akaunti moja na biashara yake ya kuuza vigae. Kampuni ya nje ikapata malalamiko, ikatuma imeli usiku wa huku, yeye kalala, asubuhi akaunti NZIMA imezimwa, vigae na taarab pamoja, wateja wakidhani duka limefungwa. Kwa hivyo usiku wa leo mtoe di-jei kwenye akaunti yako mpe yake, ajilipie mwenyewe, jina lake mwenyewe kwenye risiti.

Kuna watu watakwambia kuhusu kifungu cha 230 cha Marekani, cha 1996, kwamba mwenye websaiti hashtakiwi kwa maneno ya watu. Ni kweli kule kwao. Huku hatuna kitu kipana hivyo. Na hata Ulaya si hivyo, kuna kesi maarufu ya Estonia inaitwa Delfi, ni websaiti ya habari iliandika kuhusu kampuni ya FERI (wallahi si ya Likoni) kuharibu njia za barafu ambazo watu hupita na magari, wasomaji wakamtukana mwenye hisa vibaya sana chini ya habari. Websaiti iliyafuta matusi siku ile ile ilipoambiwa, lakini yalikuwa yamekaa pale kama wiki sita. Ikahukumiwa ilipe, ikapanda mpaka korti ya haki za binadamu ya Ulaya, na 2015 ikashindwa tena. Fidia yenyewe ilikuwa euro 320, pesa ya kula biriani na jamaa, lakini kanuni ndio iliyowatisha watu. Haitufungi sisi Kenya, nakupa tu ujue upepo unavuma wapi.

---

mama_wa_wawili

Mimi naona wote mmekimbilia neno tapeli mkaisahau PICHA na NAMBA YA SIMU. Hata kama huyo dalali ni mwizi kweli kweli, namba yake na sura yake ni data yake, na mumeitupa mtandaoni watu wampigie wamtukane. Sheria ya data ya 2019 iko na kamishna yuko, Immaculate Kassait, na hana mzaha. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja aliyekuja kustarehe bila kumuuliza. Siku hizo hizo skuli ya Roma ya Uthiru ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Milioni nne na nusu kwa picha!

Nasema haya manake naujua ukurasa wako, nausoma, na kuna picha za watoto wa ile madrasa siku ya Maulidi, sura zote wazi, na majina ya darasa chini. Umewauliza wazee wao? Mwalimu kukupa picha si ruhusa, mwenye ruhusa ni mzazi au mlezi. Mimi mwanangu wa kwanza skuli yao ilimweka kwenye bango la tuisheni ya likizo, nikamwona kwa Facebook kabla ya kuambiwa, na anacheka kabisa kama kwamba kalipwa. Niliwaandikia barua fupi nikataja sheria, ikatolewa siku ile. Wasingeitoa ningejaza fomu kwa kamishna, haina malipo, na wanatakiwa watoe uamuzi ndani ya siku 90.

Kuna nafasi iliyoachwa kwa waandishi wa habari, sikatai, ukiandika jambo lenye maslahi ya umma una kinga fulani. Lakini kinga hiyo itakusaidiaje kwa namba ya simu? Ungesema ni dalali wa eneo fulani ikatosha. Faini ya juu ni milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kilicho kidogo, kwa hivyo wewe na saiba yako huenda usifike huko lakini fidia ya mtu mmoja mmoja ni jambo jengine.

---

abunuwas_likoni

Nyote mwazungumza sheria kama kwamba sheria ndio inayokuja kukubisha hodi. Nawaulizeni, Rose Njeri kosa lake lilikuwa nini? Mei 2025 alitengeneza ukurasa wa mtu kubonyeza akapeleka imeli bungeni kuupinga mswada wa fedha, basi. Ukurasa wa kutuma barua. Akashikwa siku ya Ijumaa, akakaa ndani wikendi na sikukuu ya Madaraka juu yake, akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Juni 20 hakimu akasema hati ya mashtaka haina kosa lolote ndani, nenda nyumbani. Haya, kashinda. Usiku alizolala seli nani kamrudishia? Na huyo alirudi nyumbani. Albert Ojwang alishikwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu afisa mkubwa wa polisi, kaletwa Nairobi, kafia mikononi mwao. Mwalimu wa skuli.

Kwa hivyo msimwambie kijana ashushe pumzi upande wa polisi. Kwenye ile sheria ya kompyuta ya 2018 kulikuwa na kifungu cha 23, habari za uongo, milioni 5 au miaka 10. Cha 27, kumsumbua mtu mtandaoni, milioni 20 au miaka 10. Wanablogu, BAKE, walikimbia kortini Mei ile ile na jaji akasimamisha vifungu 26, Februari 2020 jaji mwengine akasema sheria yote iko sawa, wakakata rufaa. Na Oktoba 2025 Ruto katia sahihi marekebisho, hicho cha 27 kikapanuliwa, baada ya wiki moja korti ikasimamisha sehemu yake. Leo kipo, kesho kimesimama, keshokutwa kimerudi. Dalali akiwa na rafiki yake kituoni atatumia hiyo hiyo, sio Cap 36 yenu.

---

karani_wa_mjini

@abunuwas_likoni sibishani nawe, nilisema upande wa kashfa tu. Ni kweli polisi hutafuta kifungu chochote kinachofaa, na kikivunjwa hiki huenda kile. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilikuwa kikitumika hivyo hivyo kwa watu wa Facebook mpaka Jaji Mumbi Ngugi alipokivunja Aprili 2016, kesi ya Andare. Mwaka uliofuata kikavunjwa na cha 132, kile cha kudharau maafisa wa serikali, kesi ya Robert Alai. Ukitazama, kila kimoja kimeondoka kwa sababu mtu fulani alishikwa, akakataa kukubali kosa, na akapata wakili. Kwa hivyo @Kisauni_Mtaani ukipigiwa simu na mtu anayejiita afisa, "njoo tuzungumze tu", usiende peke yako wala usimpe simu yako aifungue. Wakitaka data zako waende kwa hakimu wachukue amri.

Na hayo marekebisho ya Oktoba yana jengine linalowahusu wenye websaiti zaidi ya hilo la 27: kamati ya usalama wa mitandao imepewa uwezo wa kuagiza tovuti izimwe, ikionekana inaeneza uhalifu au uchafu wa watoto au ugaidi au imani za kupotosha. Baada ya Shakahola, wafuasi wa mhubiri walipokufa kwa kufunga, hakuna mtu wa Pwani atakayeuliza hilo la imani limetoka wapi. Kinachonitia wasiwasi mimi ni hilo neno uhalifu, ni pana mno, laweza kubeba chochote.

---

Kisauni_Mtaani

Shukran nyote wallahi, nimesoma mara mbili. Mama wa wawili picha za madrasa nimezitoa sahizi na nimempigia ustadhi, kasema atapitisha karatasi kwa wazee. Di-jei analalamika lakini atahama, mikstepu anazo kweli, tena anazo nyingi.

Kuhusu dalali, nimezungumza na aliyeandika. Mkataba anao, umeandikwa kwa mkono na mashahidi wawili mmoja ni mzee wa mtaa, M-Pesa anazo za mara tatu zote zina jina la dalali. OB anayo pia. Mnunuzi wa pili ndio tatizo, ameoa kwa kina dalali, hataki kusikia habari za korti. Kwa hivyo sehemu ya "alilipa na hakupewa" naweza kuisimamia, sehemu ya "imeuzwa mara mbili" sina. Na jina lake kasema nisitoe kabisa, kwao ni jirani na huyo mtu. Nikikataa kutoa si watasema mimi ndiye niliyeyatunga?

---

karani_wa_mjini

Usitoe. Barua ya wakili si amri ya korti, hata iwe na muhuri wa dhahabu. Ukimpa wakili namba ya mtu aliyekwambia wazi usitoe, umeivunja ile ile sheria ya data anayoisema mama wa wawili, na sasa mlalamishi ni mtu wako mwenyewe. Korti ikiamuru, hapo ni mambo mengine, utatii au wakili wako atapinga mbele ya jaji. Jibu la sasa ni kwamba aliyeleta habari anajulikana kwako, nyaraka zipo, na hutatoa taarifa zake bila amri. Mtu anayetunga hawezi kusema nyaraka zipo, kwa hivyo hilo la kutunga linajijibu.

Lakini kuwa mkweli na huyo rafiki yako. Kesi ikifunguliwa kweli, nyaraka hizo haziingii kortini zenyewe, lazima mwenyewe aje azitoe. Mwambie leo, na akubali kwa maandishi kwamba atakuja au hatakuja. Akisema haji, basi huna kinga ya ukweli, una karatasi tu, na hapo ni bora muzungumze na upande wa pili mapema kabla gharama za wakili hazijapanda.

Posti yenyewe ikirudi, irudi bila picha na namba, bila hilo la kuuzwa mara mbili, na bila neno tapeli. Andika kama ripota wa korti, mtu alilipa kiasi fulani tarehe fulani kwa ajili ya ploti Utange, mkataba upo, ploti hajapewa, ameripoti polisi. Kisha mpigie dalali umuulize anasemaje, na akijibu weka jibu lake pale pale, akikataa andika amekataa. Utashangaa, posti ya namna hiyo huuma zaidi ya matusi na haina pa kushikwa.

---

waya_na_seva

Naongeza kidogo. Fomu ya Jihadhari usiiache wazi inajitokezea yenyewe, ifanye ikae kwanza mpaka uisome. Najua karani alisema ukisoma unakuwa mhariri, ndio, lakini kwa sehemu inayotaja watu majina na kuwaita wezi, kutosoma ni hatari zaidi. Weka na anwani ya imeli ya malalamiko chini ya kila ukurasa, na uifungue kila siku. Mtu akiwa na pa kulalamika hamuendei wakili kwanza. Na wateja waliobaki waandikie makubaliano hata ya ukurasa mmoja, wanachoweka ni chao, na ukiletewa notisi una haki ya kuondoa.

---

bin_makadara

sawa na grupu la whatsapp je, mimi ni admini wa grupu la mtaa watu 400 na uchaguzi huo 2027 waja, watu washaanza kutukanana makabila. nitoke?

---

karani_wa_mjini

Ukitoka utamwachia nani? Kabla ya uchaguzi wa 2017 Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC, ile tume ya utangamano, walitoa mwongozo, wakasema admini ana jukumu la kusimamia yanayosemwa kwenye grupu lake. Ni mwongozo lakini nyuma yake kuna sheria ya utangamano ya 2008, matusi ya kikabila ya kuchochea chuki, kifungu cha 13, ni faini mpaka milioni 1 au miaka mitatu au vyote viwili. Anayeandika ndiye wa kwanza kuulizwa. Wewe futa ujumbe, onya mara moja, akirudia mtoe, na usijibu kwa emoji ya kucheka hata ikiwa inachekesha, manake hiyo skrinshoti ndiyo itakayofika kwao.

---

Kisauni_Mtaani

Haya, posti nimeitoa, skrinshoti ninazo na fomu ya asili ninayo. Rafiki yangu atakuja, kasema hivyo na ameandika, ila anataka mkewe asijue kwa sasa. Siku saba zaisha Jumatatu. Kuna mtu ananiambia hapa inbox yeye ni wakili atanijibia barua kwa elfu mbili, nimpelekee bahasha?

---

karani_wa_mjini

Usimpelekee kitu kwanza. Omba jina lake kamili ulitafute kwenye websaiti ya LSK, chama cha mawakili, inaonyesha kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Kama haliko, barua atakayoandika haina uzito na elfu mbili zako zimekwenda. Kama liko, enda ofisini kwake na mkataba, M-Pesa na OB mkononi, na uende Ijumaa asubuhi, usingojee Jumatatu.